Je, kuongea kunaweza kumzuia mtu asijiue? Jibu kwa dada wa Kadutu

Swali: Docta, jambo. Ninaandika kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Mdogo wangu ana miaka 26. Mwezi uliopita alijaribu kujiua. Mungu alitusaidia tukamkuta mapema, na sasa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Wanasema ana sonona kali, na kuna sauti anazozisikia. Anameza dawa, analala, ameanza kula. Wiki jana tuliambiwa kuna mwanasaikolojia atakayekaa naye waongee juu ya lile jambo la kujiua. Mama amekataa. Anasema mtoto amekwisha kusahau, kwa nini wamkumbushe kifo? Pasta naye anataka tumtoe tumpeleke chumba cha maombi. Mimi ndiye ninayelipa hospitali na sijui nimsikie nani. Je, kuongea tu kunaweza kumzuia mtu asijiue? Na siku akitoka, sisi nyumbani tufanye nini?

Jibu: Dada, asante kwa kuniandikia, na poleni nyote nyumbani. Nitaanza na la mama, maana yeye akikataa, hayo mengine hayatapata nafasi.

Mtoto hajasahau. Nimekaa na watu wengi waliojaribu kujiua, vijana na wazee, na sijaona hata mmoja ambaye jambo lile lilimtoka kichwani kwa sababu watu walinyamaza. Anachojifunza ni kulificha. Anaona mama anavyogeuza uso, anaona mjomba anavyorukia habari za mpira, naye anaelewa kwamba nyumbani hakuna pa kuliweka. Basi anabaki nalo usiku, saa ambazo wengine wamelala.

Hofu ya mama si ya ujinga. Hata sisi wa hospitali tulikuwa nayo, ndiyo maana ikapimwa. Mwaka 2005, katika jimbo la New York, utafiti ulifanyika kwa wanafunzi 2,342 wa sekondari: kundi moja liliulizwa maswali ya kujiua, lingine halikuulizwa. Walioulizwa hawakupata mawazo ya kujiua zaidi ya wenzao. Tena wale waliokuwa na sonona, au waliowahi kujaribu, walionekana kuwa na dhiki kidogo kuliko wenzao wa hali hiyohiyo ambao hawakuulizwa. Kuuliza hakupandi mbegu. Kama mbegu ipo, kuuliza kunamwonyesha mwenye nayo kwamba kuna mtu anayeweza kuitazama bila kukimbia.

Sasa swali lako mwenyewe. Ndiyo, kuongea kunapunguza hatari, na jambo hilo limepimwa. Lakini si kila kuongea, na si kuongea kunakoanzia wodini kukafia langoni. Hili la pili ndilo linalonifanya nikuandikie kwa urefu, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza dawa. Asiache. Sauti zinapopungua na usingizi unaporudi, kichwa kinapata nafasi ya kufanya kazi nyingine, na bila hiyo mwanasaikolojia anaongea na mtu aliyezama. Kuna hata dawa zilizoonyesha kwamba zinapunguza majaribio ya kujiua: klozapini kwa wenye skizofrenia (ugonjwa wa akili ambao mara nyingi huleta sauti), litiamu kwa wale ambao hisia zao hupanda na kushuka kupita kiasi. Zote mbili zinadai damu ipimwe mara kwa mara, na uamuzi ni wa daktari wake. Lakini kwa miaka mingi tulidhani kwamba ugonjwa ukitibiwa, hamu ya kufa itaondoka yenyewe kama moshi moto ukizimwa. Wakati mwingine inaondoka. Wakati mwingine mtu anapata nafuu, anakula, anacheka na wauguzi, na ndani yake bado kuna njia moja aliyokwisha kuichora. Siku dhiki ikirudi, anaifuata njia hiyohiyo kwa sababu anaijua. Ndiyo sababu siku hizi tunasema kujiua kwenyewe kuwe mada ya matibabu, pamoja na sonona na pamoja na sauti.

Kwa wagonjwa wenye sauti kuna jambo ambalo familia nyingi hazilitarajii. Siku akili inaporudi inaweza kuwa siku ngumu kuliko zile za kuchanganyikiwa. Kijana anaamka kama aliyetoka safari, anaanza kuhesabu: masomo yalikatika, mchumba aliondoka, majirani waliniona nikikimbia bila viatu. Ninyi mnafurahi kwamba amerudi, naye anaona alichorudia. Kwa hiyo mkiona nafuu, msipunguze macho.

Nikueleze sasa kinachofanyika ndani ya chumba kile, maana nadhani mama anawaza mtu amekaa anamwambia mwanawe habari za kifo.

Siku ya kwanza mwanasaikolojia haongei sana. Anamwomba asimulie siku ile. Si kwa nini ulifanya. Swali la "kwa nini" linasikika kama la polisi. Anasema: nianzie ulipoamka. Uliamka saa ngapi? Nani alikuwa nyumbani? Simu ya kwanza ilikuwa ya nani? Wanakwenda polepole, saa kwa saa. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza mgonjwa kusikia hadithi yake ikiwa na mwanzo. Alikuwa anaamini kwamba "ilitokea tu". Sasa anaona kwamba saa nne asubuhi alinyimwa kazi aliyoahidiwa, saa sita alizima simu, alasiri alipita mbele ya nyumba ya rafiki yake akaogopa kubisha. Kila moja ya saa hizo ni mahali ambapo safari ingeweza kugeuka. Wanaziwekea alama, bila lawama.

Mwanasaikolojia wa Uingereza, Mark Williams, ameeleza hali hii kwa namna inayonisaidia kila siku kazini. Anasema mtu anayetaka kujiua, mara nyingi hapendi kifo, amenaswa. Ameshindwa mahali, haoni pa kutokea, na haoni wa kumwokoa. Mambo hayo matatu yakikutana, kichwa kinakuwa chembamba kama kichochoro cha Kadutu usiku, ukuta huku na ukuta kule, nacho kinaona mlango mmoja tu. Kazi ya tiba si kumhubiria kwamba maisha ni matamu. Ni kutafuta naye milango mingine, mmoja baada ya mwingine, hata midogo.

Neno ninalolisikia kuliko mengine yote kwa wagonjwa wa mji huu ni "mzigo". Mimi ni mzigo. Nikiondoka watapumua. Kijana aliyesomeshwa kwa jasho la mama, ana diploma ukutani na hana kazi, na sasa kila siku ya kitanda cha hospitali inalipwa na dada yake! Unaona jinsi hesabu inavyofanyika kichwani? Nilikuwa na mgonjwa mmoja, habari zake nimezibadilisha, aliyeshikilia neno hilo wiki nzima. Sikumbishia. Nilimuuliza: mama yako akipanda Kadutu na gunia la makala (makaa) kichwani na mtoto mgongoni, akichoka kabisa, anatua nini? Akasema makala. Nikamuuliza, mtoto hana uzito? Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Ana uzito, lakini si mzigo." Hakupona siku hiyo. Ila tulipata mahali pa kuanzia, na sentensi hiyo aliiandika kwa mkono wake kwenye kikaratasi akakitia mfukoni.

Hiyo ndiyo tunaita tiba ya fikra na matendo. Wazo linachukuliwa kama wazo, linawekwa mezani, linapimwa: ushahidi wake ni upi, na mwenye wazo hili angemwambia nini rafiki yake kama rafiki huyo ndiye angelisema? Kwa mgonjwa anayesikia sauti, wazo lina koo. Sauti inasema, jiue. Hapo hatugombani naye kama sauti ipo au haipo, kwake ipo. Tunapima nguvu yake. Ilishawahi kukuamuru ukakataa? Ilitokea nini? Ilisema mama atakufa usipotii. Mama yuko wapi leo? Polepole anagundua kwamba sauti inapiga kelele lakini haina mikono.

Kisha kuna mpango wa usalama, na huu ningependa nyumbani mwote muujue. Uliandaliwa na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown. Ni karatasi moja, inaandikwa kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, kwa Kiswahili chake au Mashi yake. Inaanza na dalili zake: mimi, ninapoanza kuharibika, huacha kuoga, huzima simu, hukaa giza. Halafu mambo anayoweza kuyafanya peke yake ili saa ipite. Halafu mahali pa kwenda na watu wa kuwa nao bila hata kuwaambia kitu, kama kuketi kwa fundi wa redio au kwenda mazoezi ya kwaya. Halafu watu wa kuwaambia waziwazi, majina na namba. Halafu wataalamu na hospitali. Na mwisho, namna ya kuifanya nyumba iwe salama, yaani vitu vya hatari viwe mbali na mkono wake. Mwaka 2018 walichapisha matokeo kutoka hospitali 9 za askari wa zamani huko Marekani, wagonjwa 1,640. Waliopewa mpango huo, wakapigiwa simu baada ya kurudi nyumbani, walipata matukio ya kujidhuru kwa nia ya kujiua pungufu kwa asilimia 45 hivi katika miezi sita, wakilinganishwa na waliopata huduma ya kawaida. Karatasi moja na simu chache, dada.

Kabla ya kumaliza tiba kuna mazoezi yanayoogopwa, hata na baadhi ya wenzangu. Mgonjwa akiwa tayari, anafunga macho, anairudia siku ile kichwani, lakini sasa kila penye alama anatumia alichojifunza: hapa nampigia dada, hapa nasoma kikaratasi, hapa natoka nje. Akikwama, hajamaliza, wanarudi nyuma. Ni kama mtu anayefundishwa kuogelea Kivu: hutakiwi kumwachia ziwani kabla hujamwona akielea mahali pa kina kifupi.

Je, inafaa kweli? Huko Philadelphia, mwaka 2005, Brown na Aaron Beck, mwanzilishi wa tiba ya fikra, na wenzao waliwafuata watu 120 waliojaribu kujiua. Waliopata vikao kumi vya tiba ya namna hii, asilimia 24 walijaribu tena ndani ya miezi 18; waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 42. Huko Bern, Uswisi, watu 120 pia: nusu yao walipata vikao vitatu tu, na barua kwa miaka miwili. Majaribio mapya katika kundi lao yalikuwa 5, katika kundi la wenzao 41. Na kwa waliolazwa hasa, kama mdogo wako, mwaka 2024 ulitoka utafiti wa Marekani wa wagonjwa 200, wenye vikao vichache wakiwa bado wodini. Majaribio ya kujiua katika miezi sita yalipungua kwa asilimia 60. Manchester nao walijaribu tiba kama hiyo wodini, vikao hadi ishirini, vinavyoendelea mgonjwa akisharudi nyumbani. Kundi lilikuwa dogo, haikuonekana tofauti kubwa, lakini wagonjwa waliipenda na ilifanyika bila kumdhuru mtu. Ninakuambia na huu wa Manchester makusudi, ili usidhani ni dawa ya miujiza. Na wengi waliochunguzwa katika tafiti hizi hawakuwa wenye sauti. Kwa hao ushahidi wetu ni mwembamba zaidi, na kazi inataka subira zaidi.

Utaniambia: hayo ni ya wazungu, wenye mwanasaikolojia kwa kila mlango. Nina jibu kutoka hapahapa. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha utafiti wa Kivu, kwa wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono, vijijini, wengi wakiwa na vita mlangoni. Waliowapa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa huku, washauri waliosoma sekondari kidogo, waliofundishwa kwa muda na kusimamiwa, wakifanya kazi kwa lugha za watu wenyewe. Miezi sita baada ya tiba ya vikundi, asilimia 9 ndio waliokuwa bado na dalili nzito za sonona au wasiwasi. Katika vijiji vilivyopata ushauri wa kawaida, asilimia 42. Utafiti ule haukuhusu kujiua wala waliolazwa, silichanganyi hilo. Lakini yeyote anayesema Mkongo hatibiwi kwa mazungumzo, kwamba sisi tunahitaji sindano na kamba, huo ndio ninaomwonyesha.

Sasa tutoke langoni.

Mwaka 2017 zilikusanywa tafiti 100 za nchi mbalimbali juu ya watu walioruhusiwa kutoka hospitali za akili. Katika miezi mitatu ya kwanza, vifo vya kujiua vilikuwa kwa kiwango cha 1,132 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kwa watu wote duniani kiwango ni takribani 9. Isome vizuri namba hiyo, isikuvunje: maana yake walio wengi sana wanaishi. Lakini maana yake pia ni kwamba siku mnazosherehekea, siku mnazosema "amepona, turudi kazini", ndizo za kuwa naye karibu. Uingereza wanatakiwa kumwona au kumpigia mgonjwa ndani ya saa 72 baada ya kuruhusiwa. Saa 72! Kwetu mara nyingi mgonjwa anapewa karatasi yenye tarehe ya mwezi ujao.

Sababu si ngumu kuziona. Wodini kulikuwa na saa ya kula, saa ya dawa, mtu wa kumwuliza umelalaje. Nyumbani anakuta deni lile lile, chumba kile kile, na kwenye avenyu watoto wanamwonyesha kidole. Tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025 watu wengi hapa wamepoteza kazi au jamaa, na nyumba nyingi hazina nguvu ya kumbeba mtu mwingine anayeumwa. Silaumu. Ninasema tu kwamba atakayetoka atakuta hivyo, na ni heri mlizungumzie kabla.

Kwa hiyo, kabla hajatoka, nenda umwombe mwanasaikolojia mambo haya. Kikao kimoja akae nawe, na mama pia akikubali. Uipate nakala ya mpango wa usalama, kwa ruhusa ya mdogo wako. Na tarehe ya kikao cha kwanza cha nje iwe ndani ya siku tatu, au wiki moja wakishindwa kabisa, na ujue jina la atakayempokea. Usiulize maneno aliyoyasema humo ndani. Mwanasaikolojia ana siri ya kutunza, na anaweza kuivunja pale tu uhai unapokuwa hatarini. Siri hiyo ndiyo inayomfanya kijana afungue kinywa.

Halafu tenga nauli. Utashangaa mtaalamu kukuandikia habari za nauli. Huko Zimbabwe kuna daktari wa akili, Dixon Chibanda, aliyesimulia hadharani jinsi alivyompoteza mgonjwa wake kijana, binti aliyekwisha kujaribu mara moja. Walikubaliana aje kumwona, hakuja. Familia haikuwa na nauli ya basi ya kumleta. Kutokana na uchungu ule alianzisha kazi ya kuwafundisha akina bibi wa mtaani kuketi na watu kwenye mabenchi karibu na zahanati, kwa ajili ya ugonjwa ambao Washona huuita kufikiri sana, sisi tungesema mawazo mingi. Kila ninapompa mgonjwa tarehe, ninamuuliza atakuja na nini. Kama ni pikipiki, pesa ya pikipiki iko kwa nani? Wewe unayelipa kitanda, pesa ya safari nne za kwanza iweke kando kwanza, hata kabla ya shati jipya la kumtolea hospitalini.

Simu nayo ni tiba, ingawa haifanani na tiba. Daktari Jerome Motto wa San Francisco alichukua watu 843 waliotoka hospitali na kukataa kuendelea na matibabu. Nusu aliwaacha, nusu aliwaandikia barua fupi kwa miaka mitano, maneno machache tu ya kuwatakia heri na kuwaambia wakitaka kuandika, watafurahi kusikia. Hakuwadai kitu. Waliopata barua walijiua kwa uchache kuliko wenzao, hasa miaka miwili ya kwanza. Shirika la Afya Duniani nalo lilifanya kazi ya namna hiyo katika nchi tano, zikiwamo India, Brazili na Sri Lanka, kwa watu 1,867: saa moja ya mazungumzo hospitalini, kisha mawasiliano tisa ndani ya miezi 18. Waliofuatwa waliokufa kwa kujiua walikuwa asilimia 0.2, wasiofuatwa asilimia 2.2. Basi nanyi gawaneni siku. Binamu wa Goma amwandikie Jumatatu, shangazi Alhamisi. Si ujumbe wa "umemeza dawa?" peke yake. "Nimekukumbuka, leo mvua imenyesha vibaya huku" unatosha.

Nyumbani, dawa zake ziwe kwa mtu mmoja, chini ya kufuli, apewe za siku au za siku chache. Dawa za wadudu na za shamba zitoke ndani ya nyumba, ziende kwa jirani. Kama kuna mwenye silaha katika familia, silaha isilale humo, hata usiku mmoja. Mwambieni waziwazi kwa nini mnafanya hivyo, asione anapekuliwa kama mwizi. Saa ile ya giza kwa wengi hupita. Mtu akikosa kitu cha karibu, mara nyingi hapati kingine, anapata muda. Pombe pia, maana inamnyang'anya breki.

Familia nyingi humwapisha mgonjwa. Anawekewa Biblia mkononi, anaambiwa aape hatarudia. Ninajua linatoka moyoni, ila halisaidii. Hata hospitali ziliwahi kuwatia wagonjwa sahihi kwenye karatasi za ahadi, na hakuna ushahidi kwamba ziliokoa mtu. Baya zaidi, aliyeapa hatakuambia mawazo yanaporudi, kwa sababu sasa amekuwa mgonjwa na mwongo mbele za Mungu. Badala ya kumwapisha usifanye, mwombe akuambie.

Na pasta. Sipingi maombi, wagonjwa wangu wengi wanasimama kwa maombi. Mwalike pasta aje wodini Jumapili, amshike mkono, amwombee, amwambie kanisa linamngoja. Neno moja kutoka kwake, kwamba Mungu hajamtupa, linaweza kufanya kazi ambayo mimi nitaifanya vikao vitatu. Lakini kumtoa hospitali kabla ya wakati, kumfungisha chakula akiwa anameza dawa, kumwachisha dawa ili imani yake ionekane, au kumtangaza mbele ya watu kwamba ana pepo la mauti, hayo yanamrudisha kwenye kichochoro kile. Nimewapokea waliorudi kutoka huko, na baadhi yao sikuwapokea tena. Pasta wako kama anampenda kijana atakubali kuombea mahali alipo. Muulize hivyo, kwa heshima.

Tuna bahati ambayo miji mingi ya nchi hii haina. Bukavu kuna hospitali ya akili ya SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, Lubumbashi kuna kituo kinachoitwa kwa jina la Joseph Guislain, vyote kazi ya mafurere wa Charité, watawa wa Kikatoliki, na wauguzi wao wameshika wagonjwa kwa miaka mingi katika hali ngumu sana. Wataalamu wa tiba ya mazungumzo hawatoshi popote kati ya hapo. Kwa hiyo kama mdogo wako amepata wa kukaa naye, nafasi hiyo ichukueni.

Ukiona baada ya kutoka ameanza kugawa vitu vyake, anaaga watu ovyo, sauti zimerudi na zinaamuru, au ametulia ghafla kwa namna isiyokuelea, usingoje tarehe. Usimwache peke yake. Twaa ile karatasi, mpigie aliyeandikwa, na mpeleke hospitali iliyo karibu, usiku au mchana. Na wewe mwenyewe, unayelipa na kukesha, tafuta mtu wa kukushika zamu. Ninaona katika barua yako hukujitaja hata mara moja ila kwa habari ya pesa.

Mwishowe, unaweza kuanza Jumapili hii utakapomtembelea, bila kungoja mwanasaikolojia. Mtoke nje ya wodi mkae penye jua. Usiliseme jambo hili mbele ya mama, kwanza ninyi wawili. Mwambie: "Nimefurahi uko hapa. Lile wazo la kufa, linakujia bado?" Kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Akisema ndiyo, usilie kwa sauti, usimkemee, usimtajie mama. Mwambie, "Asante kwa kuniambia. Linakuja zaidi saa ngapi?" Akikujibu saa, andika. Mpe mwanasaikolojia wake hiyo saa, mbele ya mdogo wako, na wataanzia hapo.